Kupasha Maji kwa Jua na kwa Joto Linalotupwa na AC: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara. AC inaweza kweli kunipa maji ya kuoga? Nifunge sola au nitumie joto la AC? Nikizungusha bomba la shaba mbele ya feni ya nje, si inatosha? Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, kwa mpangilio ambao ningemfuatisha mtu ambaye hajawahi kushika spana.

Jibu fupi ni hili: tumia vyote viwili, lakini kwa zamu. Maji baridi yaanzie kwa AC, yamalizie kwa jua. Wengi hugeuza zamu hiyo, kisha wanashangaa kwa nini AC haiwapi kitu.

Hesabu kidogo kabla ya kununua chochote

Chukua lita za maji unazotaka, zidisha kwa nyuzi za joto unazotaka kupandisha, gawanya kwa 860. Utakachopata ni yuniti za umeme. Lita 200 kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 55 ni 200 × 30 ÷ 860, yaani karibu yuniti 7.

Paneli ya maji yenye mita za mraba 2, siku ya jua zuri, hukupa yuniti 4 hadi 5 hivi. Upande wa pili, AC ya BTU 12,000 huondoa chumbani joto la kilowati 3.5, hujumlisha na karibu kilowati 1 ya umeme inaoutumia yenyewe, na mzigo wote huo huutupa nje ya nyumba. Usichangamke mapema, maana kifaa tutakachofunga, yaani kibadilisha joto, hakikamati joto lote hilo. Kinakamata ukali wa mwanzo tu, gesi ya AC inapotoka kwenye kompresa (pampu inayoibana gesi hiyo) ikiwa na nyuzi 70 hadi 90, na hiyo kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 ya joto lote. Tuseme wati 600. Kompresa ikifanya kazi saa 6, umepata yuniti 3.6, za kutosha kupandisha lita 100 kwa nyuzi 30. Si haba, kwa joto lililokuwa likipashia ukuta wa jirani.

Tena saa zao hazigongani. Paneli inafanya kazi mchana, AC ya chumba cha kulala inafanya kazi usiku.

Na kwa nini AC itangulie? Kwa sababu maji yakishafika nyuzi 55 tutaisimamisha pampu ya upande wa AC (hatua ya 8), ilhali paneli inaweza kuyavusha nyuzi 60 na zaidi. Ni kweli paneli nayo hupenda maji baridi, na ukiilisha maji ya vuguvugu inapoteza kidogo. Lakini jua linavumilia hasara hiyo kuliko AC. Tangi la AC likijaa maji ya moto kutoka kwenye sola, pampu italala usiku kucha na ile gesi ya nyuzi 80 itaendelea kupuliziwa hewani kama zamani.

Vitu vya kuwa navyo

- Paneli ya maji moto. Si ile ya umeme. Iwe bapa yenye kioo, au ya mirija ya kioo yenye ombwe, yaani iliyotolewa hewa.
- Tangi la sola lenye kihami joto, lita 150 hadi 200 kwa kila mita za mraba 2 za paneli bapa, likiwa na hita ya umeme ya akiba.
- Tangi la pili, dogo, kwa ajili ya AC: lita 80 hadi 100 zinatosha AC moja.
- Kibadilisha joto chenye kuta mbili kati ya gesi na maji, kilichotengenezwa kwa aina ya gesi iliyo kwenye AC yako.
- Pampu ndogo ya kuzungusha maji ya moto, yenye mwili wa shaba au chuma cha pua.
- Kidhibiti chenye sensa mbili za joto.
- Valvu za usalama mbili, valvu za njia moja, valvu ya kuchanganyia maji moto na baridi, na koki za kufungia kila tangi.
- Mabomba ya shaba upande wa paneli. Kwingine unaweza kutumia bomba la plastiki la PPR la maji moto.
- Vihami vya mabomba, na vipimajoto viwili vya bei yoyote.

Bomba la PVC la maji baridi lisikaribie kazi hii, maana hulainika, hupinda, kisha hufyatuka kwenye kiungo. Hata PPR usiiunganishe moja kwa moja na paneli: paneli bapa isiyopitisha maji juani inaweza kuvuka nyuzi 150, na ya mirija hupita hapo.

Jambo moja la kukubaliana kabla hatujaanza: kazi ya maji unaweza kuifanya mwenyewe, au na fundi bomba. Kazi ya gesi ni ya fundi wa AC mwenye mtungi wa naitrojeni, pampu ya ombwe na mizani. Akija bila mizani, mpe maji ya kunywa na umshukuru kwa kufika.

Hatua

1. Kagua paa. Lita 200 za maji ni kilo 200, hapo hujaweka tangi lenyewe wala paneli. Mwite anayejua mbao au zege la paa lako aseme kama linabeba. Kama halibebi, tangi likae kwenye mnara wake pembeni.

2. Elekeza paneli. Ukiwa kaskazini ya ikweta paneli itazame kusini. Ukiwa kusini ya ikweta itazame kaskazini. Mwinuko wake ukaribiane na latitudo ya mahali ulipo. Aliye karibu na ikweta asiilaze kabisa: aiache na mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15 ili viputo vya hewa vipande juu na mvua ioshe vumbi. Angalia pia kivuli cha miti na matangi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kivuli chembamba cha saa saba mchana kinaumiza kuliko kivuli kikubwa cha saa kumi na mbili.

3. Pandisha tangi la sola juu ya paneli. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huharibu.

Mfumo wa sola usio na pampu, kama huu, unategemea jambo moja tu: maji yakipata moto yanakuwa mepesi na kupanda. Kwa hiyo kitako cha tangi kiwe juu ya ukingo wa juu wa paneli kwa angalau sentimita 30. Bomba la maji moto litoke kona ya juu ya paneli na lipande mfululizo hadi tangini bila kushuka popote. Kibonde kidogo tu kwenye bomba hilo kinakusanya hewa au kupunguza mwendo, na mzunguko unakufa.

Mfumo wangu wa kwanza niliweka tangi usawa mmoja na paneli, kwa sababu ukuta ulinirahisishia hivyo. Jioni maji yalichoma mkono, alfajiri yakawa ya kunawia tu. Nikalaumu kihami, nikaongeza kingine, hali ikabaki ileile. Usiku wa tatu nilipanda na tochi saa nane nikashika bomba la juu la paneli, nikakuta la moto, na kioo chenyewe vuguvugu, wakati jua limezama zamani. Mzunguko ulikuwa umegeuka. Maji ya moto yalikuwa yakishuka kutoka tangini, yakipoa ndani ya paneli na kurudi tangini kwa chini, usiku kucha. Yaani nilikuwa nimejenga mtambo wa kupasha anga. Nilipoinua tangi sentimita 40, tatizo likaisha bila kubadilisha kingine chochote.

4. Weka tangi la AC karibu na mashine ya nje. Karibu kabisa, mita moja au mbili, kwa sababu bomba la gesi likiwa refu gesi inapoa njiani na mafuta ya kompresa yanapata mahali pa kujificha. Ni afadhali urefushe bomba la maji.

5. Unganisha maji kwa mpangilio huu. Maji baridi yaingie chini ya tangi la AC, yatoke juu yake, yaende kuingia chini ya tangi la sola, yatoke juu ya tangi la sola, yapite kwenye valvu ya kuchanganyia, kisha yaende bafuni na jikoni. Kama maji yako yanashuka kutoka tangi la akiba, tangi hilo la akiba liwe juu kuliko tangi la sola, la sivyo halitajaa. Weka koki ya kukwepea kila tangi, ili siku moja likiharibika usikose maji nyumba nzima.

Shaba na bomba la chuma lililopakwa zinki visigusane moja kwa moja. Weka kiungo kinachotenganisha metali hizo mbili, la sivyo chuma kitaliwa taratibu hadi kitoboke.

6. Funga valvu za usalama. Kila tangi lililofungwa liwe na yake, yenye kufunguka kwa presha na kwa joto pia. Maji yanapopashwa yanatanuka: lita 200 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kwa karibu lita 3, na lazima ziwe na pa kwenda. Mdomo wa valvu uunganishwe na bomba linaloshuka hadi mahali salama, lisilo na koki. Nimeona mtu ameuziba kwa kizibo kwa sababu "ilikuwa inadondosha". Tangi lililozibwa hivyo linaweza kupasuka na kung'oa paa, kwa hiyo usizibe kamwe.

7. Kazi ya gesi. Mwachie fundi wa AC, lakini simama hapo na uangalie haya:

- Kibadilisha joto kifungwe kwenye bomba linalotoka kompresa, kabla ya gesi kufika kwenye koili ya nje. Kama AC yako hupasha chumba pia wakati wa baridi, kikae kati ya kompresa na ile valvu inayogeuza mwelekeo wa gesi.
- Gesi iingie juu itoke chini, ili mafuta yasituame. Maji yapite kinyume chake, yaingie chini yatoke juu.
- Wakati wa kuchomelea, naitrojeni ipite taratibu ndani ya bomba, ili magamba meusi yasijijenge humo na kuziba mfumo baadaye.
- Kupima mvujo kufanyike kwa naitrojeni kavu. Oksijeni hapana, hata kwa dakika moja. Ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha inalipuka.
- Baada ya hapo avute ombwe, kisha aweke gesi kwa kupima uzito, akiongeza kidogo kwa ajili ya nafasi mpya ya ndani ya kibadilisha joto.

Gesi ya R32 inaweza kushika moto, na R290, ambayo ni propani, hushika kwa urahisi zaidi. Ikiwa kibandiko cha mashine yako kinasema R290, ushauri wangu ni kuiacha kama ilivyo na kutegemea sola peke yake.

Kuta mbili za kibadilisha joto si anasa. Ukuta mmoja ukitoboka, gesi na mafuta vinaingia kwenye maji ya kuoga, au maji yanaingia kwenye kompresa na kuiua. Penye kuta mbili, kinachovuja kinatokea nje ukakiona. Na ujue kwamba ukikata bomba la AC mpya, dhamana yake kwa kawaida imekwisha.

Sasa lile swali la koili mbele ya feni. Hewa inayotoka pale ina joto la nyuzi kumi na kitu tu zaidi ya hewa ya nje, na hewa haipitishi joto kwa bomba kirahisi. Utapata maji ya vuguvugu kidogo, na koili yenyewe itaizuia AC isipumue, hivyo itumie umeme zaidi.

8. Pampu na kidhibiti. Pampu ivute maji kutoka chini ya tangi la AC, iyapitishe kwenye kibadilisha joto, na kuyarudisha juu ya katikati ya tangi. Sensa moja ifungwe kwenye bomba la gesi la moto, nyingine chini ya tangi. Pampu iwake gesi ikizidi maji kwa nyuzi 10, izime tofauti ikibaki 3. Weka pia kikomo: tangi likifika nyuzi 55 pampu isimame, vinginevyo chokaa ya maji itaganda ndani ya kibadilisha joto upesi.

Mwendo wa lita 2 kwa dakika unatosha AC ndogo. Maji yakitoka yana joto la nyuzi 4 hadi 8 zaidi ya yalivyoingia, uko sawa. Wengi huona hiyo ni ndogo, wanabana koki ili "yapate moto vizuri". Kufanya hivyo ni kujipunguzia, kwa sababu yatazunguka tena na tena usiku mzima hadi yafike. Waya za pampu na za hita ya akiba zipite kwenye kikata umeme kinachohisi uvujaji, na kila chombo kiwe na waya wa ardhi.

9. Jaza maji. Fanya asubuhi mapema au funika paneli kwa blanketi zito tangu jana yake. Ukimwaga maji baridi kwenye mirija ya kioo iliyokaa juani, itapasuka mmoja baada ya mwingine, na kelele zake hutazisahau. Fungua bomba la bafuni la maji moto liache lipumue hewa mpaka maji yatiririke bila kukohoa. Ndipo uwashe hita au pampu. Hita ikiwashwa tangi tupu huungua papo hapo.

10. Vika mabomba kihami, ila baada ya kukaa siku moja bila tone kwenye kiungo chochote. Kilicho juani kifunikwe kwa utepe au rangi inayostahimili jua, maana sifongo tupu huchakaa na kupukutika.

11. Weka joto la usalama. Bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na hilo ndilo joto la tangi lako la AC siku nyingi. Ndiyo maana tangi hilo ni dogo, maji yake hayakai, na lazima yapitie tangi la sola kabla ya kufika kwa mtu. Tangi la sola lifikishwe nyuzi 60. Siku za mawingu hita ya akiba imalizie. Mkisafiri wiki mbili, mkirudi lipasheni kwanza, kisha ndiyo muoge.

Kwa upande wa pili, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, na mtoto huungua upesi zaidi. Valvu ya kuchanganyia iwekwe nyuzi 45 hadi 50. Ijaribu kwa kipimajoto, kiganja cha fundi kimezoea moto na hakiaminiki.

Mambo yakikataa

*Paneli ina moto, tangi ni baridi.* Kuna hewa kwenye bomba la juu. Tafuta mahali linaposhuka, linyooshe, toa hewa.

*Jioni moto, alfajiri baridi.* Rudi hatua ya 3. Kama urefu uko sawa, angalia kama kuna bomba la kuogea lenye mikono miwili lililoachwa wazi huku limefungwa mbele: maji baridi hupenya upande wa moto kupitia hapo.

*Tangi la AC halivuki vuguvugu.* Shika bomba la gesi kwa tahadhari, au lipime. Mashine za inverta chumba kikishapoa hufanya kazi polepole, gesi yake haipati ukali, na pampu haipati sababu ya kuwaka. Hiyo si hitilafu. Kama bomba la gesi ni la moto sana na pampu inazunguka, basi ama pampu imefungwa kinyume au kuna chokaa. Chokaa huondolewa kwa kuzungusha maji yenye asidi ya sitriki upande wa maji kwa saa moja, kisha kuosha vizuri.

*AC inapoza kidogo kuliko zamani.* Mrudishe fundi wa gesi. Uzito wa gesi haukuwa sahihi, au kuna mahali bomba limebanwa. Ikifanya kazi vizuri, AC yenye kifaa hiki hupumua vyema zaidi, maana sehemu ya mzigo wake wa joto imebebwa na maji.

*Valvu ya usalama inadondosha.* Matone machache wakati maji yanapashwa ni kawaida, ndizo zile lita 3. Ikimwaga mfululizo hata usiku, presha ya maji yanayoingia ni kubwa; weka kipunguza presha kwenye bomba la kuingilia.

*Maji yana rangi ya kutu.* Ndani ya tangi la chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya tangi. Ifungue uitazame kila mwaka au miwili. Ikibaki waya mtupu, badilisha.

*Maji yana utando wa mafuta, au yananuka kama karakana.* Zima AC, zima pampu, funga koki zote mbili za tangi la AC, yapitishe maji kwenye njia ya kukwepea, na mtu yeyote asiyatumie yale yaliyomo kwenye matangi yote mawili. Yamwagwe, matangi yaoshwe, na kibadilisha joto king'olewe kabla AC haijawashwa tena.